Sarafu ya Mfalme Asiyetawazwa

Ndururu, yaani senti tano, ya mwaka 1936 ina tundu katikati, na hapo palipotobolewa ndipo sarafu nyingi za dunia huweka uso wa mtawala. Upande mmoja pembe mbili za ndovu zimejipinda kulizunguka tundu. Upande wa pili kuna taji, na ukingoni maneno ya Kilatini yanayomtaja Edward wa Nane, mfalme na mtawala wa India. Ilifuliwa Uingereza, ikavuka bahari kwa meli na kusambazwa Kenya, Uganda, Zanzibar na Tanganyika, hadi maduka ya bara katika wilaya ya Mbulu, ambayo wakati huo ilijumuisha nyanda za Karatu. Huko ilinunua chumvi na kiberiti, ikakusanywa kidogo kidogo mpaka ikatimia shilingi za kodi. Aliyeishika mwaka 1937 alikuwa ameshika jina la mfalme ambaye hayupo tena kitini. George wa Tano alifariki tarehe 20 Januari 1936 na mwanawe Edward akarithi kiti siku hiyohiyo. Ilipofika tarehe 11 Desemba alikwisha kukiacha, apate kumwoa mwanamke ambaye serikali yake haikukubali awe malkia. Hakutawazwa hata siku moja. Ndururu yake haikurudishwa London kwa sababu hiyo. Iliendelea kununua chumvi.

Ajabu ya jambo hili huonekana vizuri ikiwekwa kando ya dhahabu. Ni desturi ya kale katika falme nyingi kwamba kiti kikipata mkaaji mpya, dhahabu hufuliwa kumtangaza. Charles wa Tatu alirithi kiti tarehe 8 Septemba 2022, na kabla mwaka haujakwisha pauni za dhahabu zenye uso wake, kazi ya mchongaji Martin Jennings, zilikuwa zinauzwa. George wa Sita, aliyetawazwa mwaka 1937 baada ya kaka yake kuondoka, alifuliwa seti za sarafu nne za dhahabu, seti 5,501 kwa jumla, kwa ajili ya watu wa kukusanya na kuhifadhi. Hazikukusudiwa kumnunulia mtu mkate. Edward naye aliandaliwa dhahabu yake. Msanii Humphrey Paget alimchora, na mfalme akang'ang'ania atazame kushoto, ingawa mila ilitaka kila mfalme atazame upande usio wa mtangulizi wake, na zamu yake ilikuwa ya kulia. Mabishano ya namna hiyo juu ya uso huchukua muda. Mwaka ukaisha, mfalme akaondoka, na zikabaki sarafu chache za majaribio. Mwaka 2020 moja kati ya hizo pauni za dhahabu ilinunuliwa kwa pauni milioni 1. Kwa hiyo dhahabu iliyopaswa kumtangaza mfalme kwa ulimwengu haikumfikia raia hata mmoja, na sarafu ndogo zilizotobolewa, zisizohitaji uso bali jina tu, ndizo zilizofika Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Fiji na New Guinea. Katika milki yake yote Edward aliishi mikononi mwa watu waliokuwa mbali naye kuliko wote.

Yapo mengi ya kusema juu ya tofauti hiyo, ila mimi naona moja kubwa. Sarafu ya dhahabu ya kushika kiti inadai kwamba kuna kitu kinaanza: zama mpya, uso mpya, hesabu mpya. Sarafu ndogo ya sokoni inaonyesha kinyume chake. Ina thamani kwa sababu hakuna kilichoanza upya. Kwa sababu aliyekuja alilitambua neno la aliyeondoka. Ndururu ya Edward ilikubalika mwaka 1937 si kwa nguvu ya Edward, ambaye hakuwa na nguvu tena, bali kwa kuwa serikali ya mdogo wake iliipokea kwenye kodi kama ilivyoipokea ya baba yao. Heshima yote ya fedha iko hapo, katika kupokea. Kufua ni kazi ya siku moja ya mitambo. Kupokea ni kazi ya kila siku, na kila mtawala mpya huijibu upya, hata asipojua kwamba ameulizwa.

Ushahidi wa hili hautoki London peke yake. Pwani yetu ilitumia kwa vizazi reale ya fedha yenye uso wa Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Reale hiyo iliendelea kufuliwa baada ya kifo chake ikiwa na uso uleule na mwaka uleule wa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, wa Uhabeshi, wa Omani na wa Unguja hawakuitaka nyingine. Warithi wake walitawala, wakazeeka, wakazikwa, na biashara ikaendelea kuuamini uso wa marehemu. Seyyid Barghash alishika kiti cha Unguja mwaka 1870. Sarafu zake mwenyewe za kwanza zina mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1881 au 1882, na hazina uso, ni maandishi ya Kiarabu. Alitoa reale za dhahabu, chache mno, ambazo leo ni mali ya makumbusho na matajiri. Alitoa pia pesa za shaba zenye alama ya mizani, na hizo ndizo zilizozunguka madukani. Na kabla yake sana, Kilwa ya karne ya 14 chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, ilikuwa na dhahabu ya Sofala mlangoni mwake, tena ilifua sarafu za dhahabu. Mwaka 1991 wataalamu walitangaza kuzitambua tatu. Sarafu za shaba za Kilwa zimeokotwa kwa wingi mwambaoni, na tano ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya kaskazini ya Australia. Dhahabu ilibaki karibu na kiti. Shaba ilitembea.

Nyanda za Karatu na Ngorongoro zinafaa kulipimia jambo hili kuliko miji ya pwani, maana wenyeji wake hawakuwa na wafalme. Wairaqw walioshuka na kupanda kutoka kwao Mama Isara kutafuta mashamba mapya waliongozwa na wazee wa mabaraza na wataalamu wa matambiko, ambao uzito wa neno lao ulipimwa kwa mvua na kwa amani ya mipaka. Wadatoga waliomiliki kreta ya Ngorongoro kabla ya Wamaasai waliwaheshimu wakubwa wao kwa kaburi la kifusi lililojengwa na ukoo mzima, na heshima hiyo ilikuja baada ya maisha kwisha, si mwanzoni mwa cheo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawakumpa mtu mamlaka ya kumwamuru mwenzake. Wamaasai walikuwa na oloiboni, mkuu wa matambiko, lakini hata hapo urithi haukuwa jambo la kutangaza na kumaliza: oloiboni Mbatian alipofariki mwaka 1890, wanawe wawili, Lenana na Sendeyo, waligombea nafasi yake, na ugomvi huo ukawagawa watu kwa miaka. Hakuna dhahabu ambayo ingeukata. Aliyefuatwa ndiye aliyekuwa, na kufuatwa kulihitaji muda.

Kwa watu wa namna hii, habari kwamba Berlin au London kuna mtu amekalia kiti ilikuwa habari ya nini? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ila fimbo ya kodi haikuwa ya mbali. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na rupia walizoleta zilikuwa na Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Mkulima wa Kiiraqw wa Kainam hakuhitaji kujua jina la aliyevaa kofia hiyo. Alihitaji kujua kwamba karani ataipokea. Baadaye uso ukabadilika, Mwingereza akaja, Tanganyika ikawa dhamana ya Shirikisho la Mataifa chini ya uangalizi wake, na mkulima akajifunza tena kitu kilekile: kipi kinapokelewa. Uso wa mtawala mikononi mwa mlipa kodi ulikuwa alama ya risiti. Sisemi hivi kuwadharau watu hao. Nasema walikuwa na elimu ya fedha iliyo safi kuliko ya wale waliobishana juu ya pua ya mfalme itazame wapi.

Litakuja pingamizi, nalo ni la haki, kwamba ninayapa matundu maana ambayo waliotoboa hawakuikusudia. Sarafu zilitobolewa ili shaba itumike kidogo, zitambulike kwa kupapasa, zifungwe kwenye kamba na watu wasio na mifuko ya nguo. Wajerumani nao walitoa heller zenye matundu. Nakubali yote hayo. Lakini hesabu ya kiwanda ikishakwisha, matokeo yake bado yapo: dola iliyohitaji uso kwenye dhahabu iliona kwamba kwa mtu wa Mbulu uso hauhitajiki, na ilikuwa sahihi. Haikupoteza kitu. Kama uso ungekuwa ndio thamani, sarafu hizo zingekataliwa. Hazikukataliwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na nitalikalia. Litasema: unaisifu shaba kwa kuwa inategemea kupokelewa, lakini huo ndio udhaifu wake. Dhahabu haimngojei mrithi. Na mfano wake haupo Ulaya, upo ng'ambo ya Eyasi. Ukitazama kusini-magharibi kutoka kingo za ziwa hilo, ng'ambo ya bonde ambamo Mto Sibiti unapita kuleta maji yake Eyasi, ipo Sekenke ya Iramba, ambako Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilipokata njia za bahari, dhahabu ya nchi hii ikapelekwa Tabora, na mwaka 1916, katika karakana ya reli, zikafuliwa sarafu za rupia 15, zaidi ya 16,000. Upande mmoja ndovu aliyeinua mkonga na nyuma yake mlima; upande mwingine tai wa Kaisari. Uso wa Kaisari haupo. Mwaka huohuo Tabora ikatekwa. Noti za karatasi ambazo serikali hiyohiyo ilizichapa kwa haraka ya vita ziliwafia watu mikononi, kwa sababu aliyekuja hakuzipokea. Lakini aliyekuwa na rupia 15 ya dhahabu alikuwa nayo bado, na leo inauzwa kwa bei kubwa mno. Je, hilo halionyeshi kwamba dhahabu ni mkweli kuliko neno?

Linaonyesha jambo jingine, na naliona ndilo kiini. Rupia ya Tabora ilisalimika kwa kuwa aliyekuwa nayo hakulazimika kumwamini Kaisari wala aliyemshinda Kaisari. Dhahabu humwambia mwenye kuishika: huna haja ya kumtegemea aliyeifua. Sasa weka juu ya metali hiyo uso wa mfalme aliyeshika kiti jana, uombe watu wamwamini. Uso unaomba imani na metali inasema imani haihitajiki. Vitu hivi viwili vimeunganishwa kwenye kipande kimoja na vinapingana. Ndiyo maana sarafu ya kutangaza kiti haizunguki. Hununuliwa, hufungwa kwenye kasha, hungojewa ipande bei. Na aliyeinunua hakutoa ushahidi wowote kwamba anamwamini mfalme, ametoa ushahidi kwamba anaiamini dhahabu. Aliyepokea ndururu ya shaba, ambayo ikiyeyushwa haifiki kitu, ndiye aliyeweka imani yake yote juu ya serikali. Ndiye aliyestahili kuheshimiwa kwa imani hiyo. Na noti za vita zilipokufa, aliyeumia alikuwa yeye, si mwenye kasha. Lawama iko kwa aliyekataa kupokea, si kwa aliyekuwa ameamini.

Kwamba jina la mtawala laweza kutoka kwenye sarafu na imani ikabaki, sisi tumeona kwa macho. Elizabeth wa Pili alirithi kiti akiwa Kenya, tarehe 6 Februari 1952, na jina lake likachukua nafasi ya la baba yake kulizunguka tundu. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na kuwa Jamhuri mwaka mmoja baadaye. Mwaka 1964 zikatolewa ndururu na senti kumi za Afrika Mashariki ambazo jina la malkia halipo. Tundu lipo, pembe za ndovu zipo, jina limeondolewa. Bei ya chumvi haikubadilika kwa ajili hiyo. Kisha mwaka 1966 tukapata sarafu zetu wenyewe, na Mwalimu Nyerere akatokea juu yake. Atakayesema kwamba na sisi tuliweka uso hakosei. Lakini utazame mkondo wa sarafu hizo. Sarafu ya shilingi 50 yenye Mzee Mwinyi na faru na mtoto wake ina mwaka 1996, naye alitoka madarakani 1995. Ya shilingi 200 ya mwaka 1998 ina Mzee Karume, aliyeuawa 1972. Ya shilingi 100 tunayotumia ina Mwalimu, aliyeng'atuka 1985. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021, siku mbili baada ya kifo cha John Magufuli, hakuna aliyekwenda sokoni Karatu kubadilisha sarafu. Vitunguu vya Mang'ola viliuzwa kwa sarafu zilezile za watangulizi. Naihesabu hiyo kuwa moja ya sifa kubwa za nchi hii, kubwa kuliko dhahabu yoyote ambayo tungeweza kuifua kwa siku ile.

Lakini sarafu si neno pekee ambalo mtawala hulirithi, na hapa Ngorongoro inauliza swali gumu zaidi. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia sahihi kukubali kuiacha Serengeti, na mwaka 1959 ikaundwa Hifadhi ya Ngorongoro ambamo wangeishi na kuchunga kando ya wanyama. Hiyo nayo ilikuwa sarafu ya aina yake: ahadi ya serikali ya malkia, iliyopokelewa na watu waliotoa ardhi ili waipate. Malkia akaondoka kwenye ndururu. Ahadi ikabaki kwa waliofuata. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za heshima za uhifadhi: ya dhahabu, shilingi 1,500, yenye duma, na ya fedha, shilingi 50, yenye faru. Mwaka huohuo familia za Kimaasai zilizoishi chini ndani ya kreta ziliondolewa, na 1975 kilimo kikapigwa marufuku hifadhini. Faru wa kreta, ambao mtafiti John Goddard alihesabu 108 katikati ya miaka ya 1960, hawakunusurika kwa hilo. Ujangili uliwafikisha kumi na kitu kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, nao wameongezeka tena kwa ulinzi wa miaka mingi na kwa jasho la askari wa hifadhi, ambalo nalo lisisahauliwe.

Atasema mtu kwamba uhifadhi pia ni ahadi, na imetolewa kwa wasiozaliwa bado, na kwamba watu wa hifadhi wameongezeka mara nyingi tangu 1959. Ni kweli, na ahadi mbili zikigongana lazima zipimwe. Ila kupima ni kuweka zote mbili mezani. Tangu 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, Handeni; serikali inasema ni kwa hiari, na wakazi wengi wanalalamika kwamba huduma zimepungua mpaka hiari imekosa nafasi. Mtawala anayeingia hawezi kusema kwamba ahadi ya 1959 ilifuliwa na mwingine, maana hata shilingi iliyo mfukoni mwake ilifuliwa na mwingine, na anaitumia. Akitaka kuibadilisha, aibadilishe kama fedha inavyobadilishwa na serikali yenye haya: kwa kutangaza, kwa kutoa muda, na kwa kumlipa kila mwenye nayo thamani kamili ya alichoshika. Wenye nayo wanajulikana, wako Endulen, Nainokanoka, Olbalbal na Kakesio, na tarehe iliyopigwa juu yake bado inasomeka.